Bibi Shamba na Milima ya Zabibu

Kule kwetu mlima haukuwahi kumshusha Bibi Shamba kwenye baiskeli. Alishushwa na jani lililojikunja. Alikuwa anaweza kuwa katikati ya mpando, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola, halafu ghafla anaruka chini, anaitupa baiskeli kwenye majani na kuingia shambani kwa mtu bila hodi. Sisi tuliokuwa tunamfuata nyuma tulishazoea. Tukikuta baiskeli imelala kando ya njia, tulijua yumo ndani ya pamba, ameshapasua kitumba kwa kucha na anamtafuta funza.

Tulimwita hivyo tu, Bibi Shamba, kama waliomtangulia walivyoitwa Bwana Shamba. Jina lake ninalo, lakini hakuna aliyelitumia, na hata leo nikilitaja nitaona kama namzungumzia mtu mwingine.

Kijiji chetu kiko mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Bariadi mjini, na wakati huo bado tulikuwa Mkoa wa Shinyanga. Yeye alikuwa na vijiji saba. Kila kimoja kilikuwa na siku yake, na chetu kilikuwa Jumatano. Mvua ikinyesha alikuja na matope mpaka magotini. Mtu alipomwambia, "Bibi, leo si ungepumzika," alimtazama kama hajaelewa Kiswahili.

Kisukuma chake kilikuwa kibovu kweli. Alikuwa amejifunza salamu moja, ya asubuhi, akaishia hapo. Jua linazama, yeye anapita kwa wazee akiinua mkono: "Mwangaluka!" Wazee wanaangaliana. Mmoja anauliza, "Kumekucha tena?" Naye anacheka kuliko wote, na Jumatano inayofuata anarudia vilevile.

Alikuwa mkali kwa hesabu ya wadudu. Kabla mtu hajanyunyizia dawa, lazima akague mimea thelathini, akienda kwa mshazari kutoka kona mpaka kona. Siku moja Masunga, fundi baiskeli wetu ambaye pia alilima pamba, alimwambia amekagua. "Mingapi?" "Kama thelathini." "Kama?" Basi Masunga, mtu mzima mwenye kifua kama mlango, alirudi shambani kuanza upya, na Bibi Shamba akabaki kwenye tuta akihesabu pamoja naye kwa sauti.

Na mtu huyohuyo alikuwa anaogopa ng'ombe. Katika nchi ambayo mtoto akifikisha miaka sita anachunga, mama mzima mwenye cheti cha chuo cha kilimo akiona kundi linakuja anashuka, anasimama nyuma yangu na kukamata kitenge changu.

"Mama Kulwa, wamepita?"

"Wamepita."

"Wote?"

"Wote, Bibi."

"Na yule mwenye pembe hivi?"

Alinifundisha baiskeli mimi nikiwa tayari nina mapacha wa miaka minane. Wanawake wachache waliendesha kijijini kwetu wakati huo. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, kwenye mteremko wa uwanja wa shule, na baiskeli ilikuwa ya kiume yenye bomba la katikati. Aliniambia nivae suruali ya mume wangu ndani ya kitenge. Nilianguka mara nyingi, na watu waliokuwa wanatoka kanisani walisimama kuangalia kana kwamba kuna mnada. Bibi Shamba hakunishika wala kunipa pole. Alisimama chini ya mteremko akipiga kelele, "Angalia mbele! Wanaokucheka wako pembeni!" Jioni ile niliendesha mpaka nyumbani. Mume wangu, Baba Kulwa, alikuwa amekaa mlangoni. Aliitazama suruali yake, akanitazama mimi, akasema, "Sasa utakuwa unakwenda kusaga mwenyewe." Nikajua amekubali.

Halafu likaja soko huria. Chama cha msingi, kilichokuwa kinanunua pamba yetu, kikanyamaza, ghala lake likabaki na popo, na wanunuzi binafsi wakaanza kuingia na malori yao. Mwanzoni tulifurahi, maana walinunua papo hapo. Lakini hawakujali daraja. Pamba safi na pamba fifi, ile ya madoa, walizitupia kwenye gunia moja. Watu wakaanza kumwagia maji ili iwe nzito, wengine wakachanganya mchanga. Mtu aliyekaa siku tatu akichambua pamba yake alionekana mjinga. Na bei ilikuwa ile ambayo karani wa mnunuzi ameamka nayo asubuhi hiyo.

Wakati huohuo serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na barua ya Bibi Shamba ikafika. Alikuja nayo Jumatano. Alitukusanya kwenye shamba la mfano, akaisoma yote kwa sauti, pamoja na kumbukumbu namba na sahihi, akaikunja akaiweka kwenye mfuko wa gauni. Kisha akasema, "Tuliishia kwenye funza."

Masunga ndiye aliyeuliza, "Bibi, si umeachishwa?"

"Barua inasema nisiende ofisini. Haijasema nisije huku."

Lakini baiskeli ilikuwa ya serikali, akairudisha. Nyumba pia. Alipanga chumba kwa mwenye duka mmoja mjini, na mwezi mzima alikuja kwetu kwa miguu. Alikuwa anafika saa tano badala ya saa mbili, vumbi mpaka kwenye nyusi, na hakusema neno kuhusu hilo. Sisi ndio tulioona aibu. Masunga akamtengenezea baiskeli kutokana na baiskeli zilizokufa: fremu ya huyu, gurudumu la yule, tandiko la marehemu baba yake. Ilikuwa inalia kila ikizunguka. Bibi Shamba aliizunguka mara mbili akiikagua, halafu akaingia nyuma ya ghala. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alimwambia Masunga mnyororo umelegea.

Yalikuwa mawazo yake twende Dodoma. Alikuwa amesoma kule karibu na mashamba ya zabibu, na alijua kwamba wakulima wa kule nao walikuwa wamepoteza mnunuzi wao: kiwanda kilichokuwa kinachukua zabibu zao kilikuwa kimefunga milango. "Nataka mwende mkawaulize wamefanyaje," alisema. "Mimi sina jibu. Nilifundishwa wadudu, sikufundishwa soko." Nauli ya basi hatukuwa nayo, kwa hiyo ikawa baiskeli. Tulikuwa sita, wanawake ni mimi na yeye.

Baba Kulwa alikataa. "Mke wa mtu, mwezi mzima barabarani, na wanaume wanne?" Bibi Shamba alikuja akaketi naye uani. Mimi nilikuwa jikoni na niliacha ugali uungue ili nisikie.

"Baba Kulwa, shamba lenu nani anakagua wadudu?"

Mume wangu ana kasoro zake, lakini si mwongo. "Yeye," alisema.

"Nani anachambua safi na fifi?"

"Yeye."

"Mimi sichukui mke wa mtu. Nachukua mkulima. Ukitaka kwenda wewe, njoo, lakini ukirudi itabidi umsimulie yeye."

Baba Kulwa akasema mama yake atakaa na mapacha.

Bibi Shamba hakukubali tuondoke mpaka kila mmoja wetu ang'oe mabua ya pamba na kuyachoma, funza asipate pa kulala. Alipita shamba kwa shamba kuhakikisha. Ndipo tukaondoka, Maswa, Shinyanga, Nzega, Igunga, tukilala kwenye makanisa na madarasa ya shule. Mlima Sekenke tuliupanda tukisukuma, malori yakitupita na kututupia vumbi. Yeye alikuwa amekaa kwenye tandiko muda mrefu kuliko sisi sote, akikata kona kulia, kona kushoto, mpaka miguu ikakataa. Alipofika juu alikuta tumelala chali. "Mmeona udongo ulivyobadilika?" alisema. Hatukuwa tumeona kitu. Tukateremka tena kuangalia udongo.

Siku ya kumi na moja tukaingia Dodoma, na siku iliyofuata tukashika njia ya Mpunguzi. Mimi nilidhani zabibu huota bondeni kwenye maji. Kumbe ni vilima na mawe, nchi kavu kuliko yetu, na katikati ya ukavu huo mistari ya kijani imepanda na kushuka kwenye miteremko, imefungwa kwenye nguzo na waya, na vichala vimening'inia chini ya majani, vyeusi. Tulipanda kilima, tukashuka, tukapanda kingine. Nilikuwa nimechoka na njaa inauma, lakini nakumbuka niliendesha nikicheka peke yangu. Kule Ipililo, nilikozaliwa, hakuna mtu aliyekuwa amewahi kunisimulia kwamba nchi inaweza kulimwa namna ile.

Kwenye mteremko wa tatu breki za Bibi Shamba zilikatika. Nilimwona ananipita, miguu imenyooka mbele, kitambaa cha kichwa kimeruka. Hakupiga kelele. Kwenye kona alinyoosha moja kwa moja, akaingia kwenye shamba la mtu, na tukasikia nguzo zinavunjika moja baada ya nyingine.

Tulimkuta amekaa chini, amefunikwa na mizabibu, damu inatoka kwenye kidevu. Kutoka kwenye nyumba ya tembe alikuja bibi mmoja wa Kigogo, mfupi, panga mkononi. Masunga alijibanza nyuma yetu, maana breki zile alizifunga yeye.

"Nguzo zangu nne," yule bibi alisema.

"Tano," Bibi Shamba alisema. "Ile ya mwisho imepasuka." Halafu, akiwa bado amekaa palepale chini, akashika tawi lililokuwa limelala begani kwake. "Mama, hili mmelikata juu ya jicho la pili. Kwa nini si la tatu?"

Bibi wa Kigogo alilitazama lile tawi, akamtazama yeye. Panga likashuka. "Wewe ni nani?" aliuliza.

Tulikaa pale siku nne. Siku mbili tulikata na kusimika nguzo mpya kulipa uharibifu, na siku mbili tulivuna naye, kwa sababu alikuwa anatupenda sasa. Jioni Bibi Shamba alinisukuma mbele. "Muulize," aliniambia. Nilitaka aulize yeye, mwenye Kiswahili kizuri. Akageuka akaanza kuosha sufuria.

Basi nikauliza mimi: kiwanda kilipofungwa, mlifanyaje?

"Mwaka wa kwanza tulingoja gari," yule bibi alisema. "Zabibu ziliozea kwenye mti, nyuki wakala. Mwaka wa pili walikuja wachuuzi wa mjini, kila mmoja anaingia nyumba ya mtu, anamwambia jirani yako ameniuzia kwa bei ndogo kuliko wewe. Uongo. Tulikuwa tunaogopana. Mwaka wa tatu akina mama tukasema, tuweke zote mahali pamoja, siku moja, barabarani, nzuri mbele na mbaya tusilete. Anayetaka aje aone wote tunasikia bei."

"Wakakubali?"

"Wiki ya kwanza hakuja mtu," alisema. "Tulikula zabibu mpaka tumbo likauma. Wiki ya pili wakaja."

Nilicheka, lakini usiku nililala nikiliwaza lile ghala letu la chama cha msingi, lenye popo.

Lazima nisimulie na mvinyo. Bibi Shamba alichukia pombe. Aliyenusa pombe hakuruhusiwa kugusa pampu ya dawa, hata kama ni mwenyekiti wa kijiji. Siku ya kuondoka, yule bibi wa Kigogo alitumiminia mvinyo aliotengeneza mwenyewe kwenye vikombe vya bati. Tukamwangalia Bibi Shamba. Aliunusa, akaonja, akakunja uso. "Ni kama dawa ya kikohozi," alisema. Akanywa wote. Akanyoosha kikombe tena, akasema anataka kuhakikisha. Siku hiyo alitembea akisukuma baiskeli mpaka tulipofika lami, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ambayo hata siku za kawaida haikuwa inafuata kwaya. Hatukuwahi kumkumbusha.

Tulirudi juu ya lori la saruji mpaka Shinyanga, baiskeli zimefungwa juu yetu.

Msimu uliofuata ndio uliotupima. Tulikuwa kaya kumi na nne. Tulifukuza popo, tukafagia ghala, tukakubaliana: pamba safi peke yake, mizani moja, siku moja. Karani wa mnunuzi alikuja na lori, akaangalia, akacheka. "Mimi nanunua nyumba kwa nyumba. Pamba ni pamba. Mkijifanya wajanja itaoza humo." Akaondoka, akanunua pamba ya majirani zetu, pamoja na mchanga na maji yao. Wakatupita wamebeba mabati mapya.

Wiki moja ikapita. Ya pili. Baba Kulwa alikuwa hali chakula sawasawa. "Moto ukishika ghala moja, kaya kumi na nne zimekwisha," alisema, na alikuwa anasema kweli. Wawili wetu walikuja usiku wakitaka kutoa magunia yao. Nilimwendea Bibi Shamba mjini kwa baiskeli, mbio, nikafika naona nyota kwa uchovu.

"Njoo uzungumze nao," nilimwambia. "Watakusikiliza."

Alikuwa anashona kitufe. Hakuinua kichwa. "Sitakuja."

"Bibi, watatoa pamba!"

"Pamba ni yangu?" Sasa akaniangalia. "Nikija, watangoja kwa sababu yangu. Nikifa kesho watafanyaje? Rudi ukaseme wewe uliyoyaona."

Nilimkasirikia njia nzima. Mpaka leo nikifika kwenye daraja lile la mbao nakumbuka nilivyomtukana peke yangu, kwa Kisukuma ambacho asingekielewa. Lakini nilirudi nikawaita wote ghalani. Niliwasimulia vilima vya Mpunguzi, yule bibi, zabibu zilizoozea kwenye mti, na wiki ile waliyokula zabibu mpaka tumbo likauma. Masunga akasema na yeye alikuwepo na ni kweli. Baba Kulwa alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Mimi nitalala hapa ghalani nalinda." Akaenda kuchukua mkeka. Waliotaka kutoa magunia wakayaacha.

Siku ya tano baada ya mkutano ule yule karani alirudi, akiwa na sauti nyingine. Mchanga wa majirani ulikuwa umevunja meno ya mashine kiwandani, na bosi wake alikuwa amemwambia asirudi na takataka tena. "Mama," aliniambia, "naomba kuiona pamba yenu." Alizamisha mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akautazama. Ulikuwa msafi. Jioni lori lilikuwa limejaa, na kaya zote kumi na nne zilikuwa zimesikia bei moja.

Bibi Shamba alikuja Jumatano kama kawaida. Nilimsimulia yote. Alisikiliza, akauliza kama mabua yameshang'olewa.

Zabibu? Tulileta vipandikizi kwenye gunia bichi. Yeye mwenyewe, aliyekuwa akitukataza kupanda kitu kisichofanyiwa majaribio, alivipanda vyote siku moja kwenye mteremko nyuma ya nyumba yangu bila kujaribu lolote. Mchwa walikula vyote isipokuwa vitatu. Mizabibu hiyo mitatu ilizaa vichala vidogo, vichungu. Alivila vyote mbele yetu, amefumba jicho moja, akisema mwakani vitakuwa vitamu. Havikuwa.

Alihama baadaye, kwenda kwa dada yake upande wa ziwa, na kwa miaka mingi hatukuonana. Mwaka juzi mchuuzi mmoja wa dagaa aliniambia kwamba kule Kalemela kuna mama mzee anayewasumbua watu wa mpunga kwa maswali. Sikuuliza zaidi. Nilipanda baiskeli, mimi mwenye wajukuu, nikapita Mkula, nikafika kesho yake saa nne.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya akina mama kama ishirini. Amekonda, goti moja limefungwa kitambaa, na macho yameingia ukungu. Nilipomwamkia aligeuza sikio, akiisikiliza sauti.

"Mama Kulwa," alisema. "Umekuja kwa nini?"

"Kwa baiskeli."

Akacheka akashika mkono wangu, akavibinyabinya vidole kimoja kimoja. Halafu akawageukia wale akina mama. "Leo mimi nimechoka. Atafundisha huyu."

"Bibi, mimi ni mtu wa pamba. Mpunga siujui."

Alivuta kiti chake, akakisogeza mpaka kwenye mstari wa akina mama, akaketi kati yao na kuinua mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu," alisema, "mpunga wetu ulio karibu na mfereji umegeuka njano. Wa mbali ni kijani. Kwa nini?"

Watu ishirini na moja walikuwa wananitazama. Ningeweza kutaja mbolea, ningeweza kutaja maji, na wangeandika.

"Sijui," nilisema. "Na sitaki kukisia. Nipelekeni, tung'oe mmoja wa njano na mmoja wa kijani, tulinganishe mizizi."

Bibi Shamba alikuwa ameshaanza kutafuta kandambili zake kwa miguu. Binti mmoja akampa mkono akasimama. Nikatangulia kwenye njia ya majarubani, na nyuma yangu nilimsikia anawaambia wasiongee sana, wamwache mwalimu aangalie.